Umeposti mwenyewe, sasa faragha ipi unaililia?

Juzi kaja mteja wangu mmoja pale dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, ninakotengeneza simu, mama wa Uyole, simu kaishika kama kaa la moto, vijana wangu wanamwamkia hata haitiki, anasema fundi nifutie hii picha. Nikapokea simu, naangalia, picha haipo. Nikamwambia dada mbona umeshaifuta mwenyewe. Akanijibu, siyo hapa, nifutie huko ilikoenda.

Picha yenyewe haina aibu yoyote. Kasimama juu ya msingi wa nyumba, kitenge na sweta zito maana ni Julai na mnajua baridi ya kwetu, nyuma yake tofali zimepangwa na mchanga tripu mbili, juu kaandika Mungu ni mwema. Akaiweka statasi. Shida ni kwamba wiki hiyo hiyo ukoo wa mume wake ulikuwa unachangishana hela ya msiba Tukuyu, na yeye alishawaambia jamani hali ngumu, akatuma elfu kumi. Wifi yake kaiona statasi asubuhi, haikupita robo saa skrinshoti ipo kwenye grupu la ukoo, watu themanini na kitu, chini yake maneno matatu tu: hongera kwa ujenzi. Kama una ukoo mkubwa unajua hongera ya namna hiyo inavyochoma. Mi hapa nitamwita Mama Tofali, jina lake silo na msihangaike kumtafuta.

Kijana wangu mmoja akasema ile sentensi ambayo wote tumeshawahi kuisema, "Lakini mama, si umeposti mwenyewe?"

Kwa miaka mingi na mi nilikuwa upande huo. Umetoa mwenyewe, imetoka, unalia nini. Ila kazi hii ya simu imenibadilisha kidogo kidogo, saivi nikiisikia hiyo sentensi naona ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndo yenye utata wote.

Tumezoea kufikiri kwamba taarifa ziko za aina mbili, za siri na za hadharani. Siri unaificha, ukiitoa imekuwa ya wote. Sasa uangalie ule msingi wa Uyole. Jirani anauona kila asubuhi akienda bombani. Fundi ujenzi anajua mpaka idadi ya mifuko ya saruji. Muuza mchanga anajua alilipa keshi au alikopa. Kwa hiyo siri haipo, nyumba haifichiki. Na bado hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angepanda Coaster mpaka Tukuyu akasimama kwenye kikao cha msiba kutangaza kwamba huyu mama anajenga. Hakuna sheria inayomkataza, ni kwamba kila mtu anajua lile neno ni la pale, halina kazi kule.

Mi mwenyewe nakula kwa imani ya namna hiyo hiyo. Mtu analeta simu imevunjika kioo, ananipa na namba ya kufungulia, anaenda kula ndizi na maharage anarudi baada ya lisaa limoja. Mle ndani kuna kila kitu chake, picha, meseji za mchepuko, salio la benki, picha za mtoto anaoga. Hakuna mkataba wowote tuliosaini. Kanipa nibadilishe kioo, na wote wawili tunajua kioo ndo kioo. Nikifungua picha zake nimemkosea, hata kama hakusema usifungue, hata kama namba ya siri alinipa kwa mdomo wake. Ukimwambia "si umenipa mwenyewe" anaweza kukupiga kibao na watu wa Mwanjelwa wakamsaidia.

Kuna msomi anafundisha Marekani, Helen Nissenbaum, mwaka 2004 aliiweka hoja hii vizuri. Kwa lugha yangu anasema hivi, faragha siyo kuficha, faragha ni taarifa kutembea kwa kufuata taratibu za mahali ilipotolewa. Unayomwambia daktari yana taratibu zake, unayomwambia rafiki yana zake, ya benki yana zake. Taarifa ile ile inaweza isiwe na shida hapa ikawa ni dhambi ikivushwa pale. Mi naona bibi zetu walilijua hilo bila kwenda chuo, ndo maana kuna ya jikoni na kuna ya barazani, na mtoto anayechukua ya jikoni akayapeleka barazani anafinywa bila maelezo marefu.

Mfano mzuri zaidi nilioona ni wa maombi. Huku kwetu makanisa ni mengi na kila kwaya na kila jumuiya ina grupu la WhatsApp. Mtu anaandika wapendwa naomba mniombee, mume wangu kazini wamempunguza, nyumba haina amani. Hilo ni neno la kwenye maombi, kalitoa kwa watu arobaini, siyo siri tena ukihesabu vichwa. Halafu mpendwa mmoja, kwa nia njema kabisa, anafowadi kwa mwombaji mwenye karama yuko grupu jingine, kule yumo dada wa mwenye nyumba wao, jioni mwenye nyumba anapiga simu anaulizia kodi ya miezi sita ijayo. Hapo hakuna aliyesema uongo wala hakuna aliyeiba kitu. Na bado kuna mtu amevunjiwa faragha yake mchana kweupe.

Sasa kwa nini mtandao unatuponza kuliko kibaraza? Kwenye kibaraza unawaona unaoongea nao. Akiingia mtu mwingine unapunguza sauti, unabadilisha habari, hata hujifikirii. Kwenye simu humuoni anayeingia. Nilimfungulia Mama Tofali orodha ya watu waliosevu kwenye simu yake tukaipitia pamoja, alinyamaza kimya. Boda Soweto. Mkaa. Mkaa 2. Mwalimu wa Junia. Mama mwenye nyumba wa zamani. Kaka wa parachichi. Dalali kiwanja. Shemeji mdogo. Mchungaji. Mwenyekiti kikoba. Watu mia sita na zaidi, na statasi ya WhatsApp usipoigusa mipangilio inaenda kwa kila uliyemsevu ambaye na yeye kakusevu wewe. Yeye kichwani alipokuwa anaandika Mungu ni mwema alikuwa anawaona marafiki zake wanne watano wanaomjibuga kwa vikopa. Wale ndo watu wake. Wale mia tano na tisini na kitu wengine walikuwepo ukumbini ila taa zimezimwa.

Kwa hiyo matarajio yake hayakuwa ya kijinga. Yalikuwa matarajio ya kibaraza kayapeleka kwenye chombo ambacho siyo kibaraza.

Na chombo chenyewe nacho kinadanganya kidogo. Watu wanajua statasi inapotea baada ya saa 24, hiyo ni kweli, inapotea kwako. Ila mtu akishaitazama kwenye simu ya Android ile picha inakuwa imeshashuka kwenye simu yake, inakaa kwenye folda moja iliyofichwa, zile aplikesheni za kusevu statasi za watu hazifanyi uchawi wowote, zinaenda tu kuchungulia humo. Naweza kukuonyesha kwa dakika mbili hapo mezani. Na mtu akipiga skrinshoti ya statasi yako WhatsApp haikuambii kitu, wewe unaona tu jicho na idadi ya waliotazama. Zile picha za kutazama mara moja tu wameziwekea kizuizi, skrinshoti inagoma, sawa, lakini mtu mwenye simu mbili anapiga picha kioo kwa simu nyingine, imekwisha hiyo.

Alafu kuna wanaoniambia fundi lakini WhatsApp si imefungwa, wanaandika kabisa meseji zimefungwa mwanzo mpaka mwisho. Ni kweli, tangu 2016 iko hivo kwa kila mtu. Ila muelewe kilichofungwa ni njia. Bahasha imegundishwa vizuri, posta hawawezi kuisoma, mwenye kampuni hawezi kuisoma, ikifika kwa wifi anaifungua na anaisoma kwa sauti sokoni. Ulinzi wa njia haukulindi na uliyemtumia.

Kitu kingine kidogo ambacho wengi hawakijui ni lokesheni. Simu nyingi kamera ikiwa imeruhusiwa lokesheni inaandika ndani ya picha mahali ulipoipigia, kwa namba za ramani kabisa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida hizo namba zinaondolewa, ukiituma kama dokumenti ili isipungue ubora zinaenda nayo. Dada mmoja muuza nguo alikuwa anatumia wateja picha kwa dokumenti ili zionekane vizuri, zote kazipigia chumbani kwake. Nilipomwonyesha nyumba yake kwenye ramani alikaa chini.

Hayo yote ni ya mtu anayeposti mambo yake. Kuna upande wa pili ambao mi ndo unanikera zaidi, nao ni wa mtu ambaye hakuposti chochote.

Mteremko wa Iwambi hapa Mbeya tunaujua wote. Lori likikosa breki pale habari inafika mjini kabla ya trafiki, na siku hizi haiji habari, zinakuja picha. Watu wamelala barabarani, nguo zimepanda, damu, mtu anahema bado. Siku moja niko dukani, mteja wangu kijana anasubiri nimbadilishie betri, simu yake nyingine ikalia, akafungua grupu la bajaji. Akakaa anaangalia ile picha muda mrefu. Nikadhani anasoma. Kumbe anasoma namba za gari, na anaangalia koti. Koti la kaki lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko, alilishona mama yake. Hivo ndo alivyojua habari za kaka yake, amesimama kwenye kaunta yangu, kati ya makava ya simu, na chini ya picha ile watu wameshaweka vikatuni vya kulia na mmoja anauliza bei ya mahindi leo ngapi.

Huyo kaka aliposti nini? Umwambie mwenyewe kataka? Hapo ndo ile sentensi ya "si umeposti mwenyewe" inapokufa, kwa sababu nusu ya maisha yetu yaliyoko mtandaoni hatukuyaweka sisi. Umewekwa na binamu yako kwenye send-off, umewekwa na mwalimu, umewekwa na jirani aliyekuwa anapiga picha mbuzi wake ukapita nyuma unatoka unakotoka.

Watoto ndo kabisa. Mtoto ana miaka minne, tayari ana picha mia tatu mtandaoni, sare ya shule na beji inasomeka, saa anayochukuliwa na bajaji inajulikana maana mama kila siku anaandika "bebi kaenda skuli". Mimi simlaumu mama, furaha ya mtoto haikai kifuani. Ila huyo mtoto atafika miaka kumi na sita atakuta ile video yake ya potini ina laiki elfu mbili, na wenzake darasani nao wameikuta.

Mtaniuliza na sheria je. Sheria ipo, na siyo moja. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ibara ya 16 inatambua kwamba kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, humo kuna kosa la kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hii ndo iliyozaa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako unaweza kupeleka malalamiko. Hii ya mwisho inataka anayekusanya taarifa zako akwambie anazikusanya kwa kazi gani na azitumie kwa kazi hiyo, na taarifa za watoto na za afya imeziweka kwenye kundi la kuangaliwa kwa jicho kali.

Ukiisoma hiyo ya 2022 vizuri utaona ni ile ile habari ya kioo ndo kioo. Umetoa kwa kazi hii, isiende kufanya kazi ile.

Ila uzito wake uko kwa wakusanyaji, hospitali, shule, kampuni, mabenki, wenye kanzidata. Wenzetu Kenya walitunga yao 2019, na mwaka 2023 kamishna wao alitoza shule moja shilingi za kwao milioni 4.55 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe milioni 1.85 kwa kumweka mteja mtandaoni bila kumuuliza. Hizo ni taasisi. Wifi siyo taasisi, ingawa wengine wana nguvu kuliko wizara. Ukimpeleka wifi mbele ya sheria kwa skrinshoti ya tofali, hata ukishinda, Krismasi mtakula wapi?

Na pale kwenye taasisi msilale. Zile aplikesheni za mikopo ya chapchap zilikuwa zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu, mtu anabonyeza kubali kubali kubali maana ana shida ya elfu hamsini, akichelewa siku mbili mchungaji na mkwe wanapata meseji kwamba huyu mtu ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Mi nilishafuta nyingi kwenye simu za watu hapo hapo kaunta, ila kuifuta aplikesheni hakufuti namba ilizoshabeba.

Suala lenyewe siyo geni, mtandao umelichochea tu. Mwaka 1888 Kodak walitoa kamera ya kubeba mkononi, kabla ya hapo ili upigwe picha kwa kawaida ilibidi ukae studio utulie, yani mara nyingi bila wewe kukubali picha haipo. Miaka miwili tu baadaye, 1890, mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, wakaandika kwamba sheria itambue haki ya mtu kuachwa. Kuachwa tu, asisumbuliwe. Yani kamera ilipopata miguu watu wakaanza kulia faragha, sisi tumeipa kamera miguu, mabawa na bando la usiku.

Kuhusu lile ombi la "nifutie huko ilikoenda", kuna mtu aliwahi kulifikisha mbali zaidi ya meza yangu. Mhispania mmoja, gazeti lilitangaza 1998 kwamba nyumba yake inapigwa mnada kwa ajili ya deni. Deni likaisha, miaka ikapita, ukiandika jina lake Google tangazo ndo linakuja. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikaamua Google iondoe ile njia ya kulifikia tangazo mtu akitafuta kwa jina lake. Gazeti lenyewe halikufutwa, kilichoondolewa ni kibao cha barabarani tu. Na kwa sababu ya kesi, dunia nzima saivi inajua alidaiwa. Kwa hiyo hata mahakama kubwa hivo haifuti, inapunguza mwendo.

Ndo maana nilimjibu Mama Tofali ukweli, picha za kwenye simu za watu themanini siwezi, na fundi atakayekuambia anaweza anataka hela yako. Ninachoweza ni cha kuanzia leo. WhatsApp ukienda kwenye faragha ya statasi kuna njia tatu, waone wote uliowasevu, waone wote isipokuwa hawa, au waone hawa tu. Ile ya pili watu wanaipenda ila inachosha, kila ukisevu muuza mkaa mpya anaingia ukumbini mwenyewe. Mi napendekeza ya tatu. Inakulazimisha uwahesabu watu wako, na wengi wakiwahesabu hawafiki ishirini.

Lakini hata hiyo ya tatu inabaki ni ahadi kati ya watu. Mashine inachagua nani aone, haichagui atafanya nini baada ya kuona. Kwa hiyo nikiulizwa mtu ana haki ya kutarajia nini akiposti mambo yake, nasema ana haki ya kutarajia aliowaonyesha wayaache pale pale, na akiyavusha mtu basi huyo aliyevusha ndo wa kuulizwa kwanza. Ana haki hiyo. Ila asiitegemee kama anavyotegemea kufuli, aitegemee kama anavyotegemea jirani, yani kwa kumjua.

Tukakaa tukachagua. Akataja wa kwanza, rafiki yake wa kikoba. Wa pili, dada yake yuko Makambako. Wa tatu, mama mmoja wanaimba naye. Akasogeza kidole chini, chini, akasimama, akabonyeza jina. Nikaangalia. Ni wifi.

Nikamwambia dada, huyu si ndo aliyekupeleka kwenye ukoo?

Akachukua simu yake akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Huyo mwache, fundi. Mwezi ujao napaua."